Ramani yenye doa jeusi: namna ya kutafuta kosa la rangi angavu kwenye kompyuta



Maelezo haya yanawahusu hasa ninyi mnaochora ramani na matangazo katika vyumba vya kompyuta vya kambi na makazi ya wakimbizi. Yanawahusu pia wajumbe wa kamati za maji na wahamasishaji wa afya, ambao huletewa ramani hizo ili wazibandike. Tunaeleza kwa nini rangi iliyotakiwa kuacha kilicho chini yake kionekane hugeuka kuwa doa zito, au hutoweka kabisa, na jinsi ya kupata mahali kosa lilipo kabla hujaanza kubadilisha mambo ovyo.

Si jambo la urembo. Kambi nyingi za ukanda wetu ziko mahali ambapo maji hupita wakati wa mvua. Kakuma inapitiwa na Tarach, mto wa msimu ambao hukaa mkavu muda mrefu kisha hushuka kwa ghafla. Mwaka 2006 mafuriko yaliziondoa familia nyingi katika sehemu za kambi ya Ifo huko Dadaab, na mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilileta maji tena katika eneo hilo. Ramani ya tahadhari ya mafuriko ni karatasi ambayo mama huisoma ukutani ili ajue kama nyumba yake iko upande wa hatari au la. Kompyuta ikikosea rangi moja tu, mama huyo amepewa jibu la uongo, tena lenye nembo ya shirika juu yake.

RANGI ANGAVU NI NINI

Tuseme umechora ramani kwa programu ya QGIS, ambayo hutolewa bure. Chini kabisa umeweka njia, nyumba, mabomba na vyoo. Habari hizo aghalabu hutoka OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo hujazwa na watu wa kujitolea. Juu yake umeweka tabaka jingine, yaani eneo linaloweza kufurika, kwa rangi ya buluu. Buluu ikiwa nzito kama rangi ya ukutani, mabomba yote yaliyomo ndani ya eneo hilo yatafunikwa. Kwa hiyo unaifanya iwe angavu, kama mtu aliyelaza karatasi ya nailoni ya buluu juu ya picha. Nailoni inaonekana, na picha iliyo chini yake inaonekana pia.

Kompyuta haina nailoni. Ina hesabu tu. Kila nukta ya skrini imeandikwa kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Nyeupe ni 255, 255, 255. Nyeusi ni 0, 0, 0. Buluu kamili ni 0, 0, 255. Tabaka angavu huwa na namba ya nne, inayosema rangi hiyo ina uzito kiasi gani. Wazo la kuiweka namba hiyo pamoja na rangi lilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, katika kazi ya Ed Catmull na Alvy Ray Smith. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff waliandika kanuni za kuchanganya matabaka ambazo programu nyingi huzifuata hadi leo.

Ukisema buluu iwe na uzito wa asilimia 40, kompyuta huchukua sehemu 40 za buluu na sehemu 60 za rangi iliyo chini, kisha hujumlisha. Juu ya karatasi nyeupe jibu ni 153, 153, 255, yaani buluu hafifu. Juu ya maandishi meusi jibu ni 0, 0, 102, yaani buluu iliyokolea sana, na maandishi bado yanasomeka. Hesabu hii hurudiwa kwa kila nukta, na ukurasa mmoja wa A4 wenye nukta 300 kwa kila inchi una nukta zaidi ya milioni 8. Usishangae basi kompyuta kuukuu ikiguna.

Angalizo kwa wanaotumia vitini vya mafunzo vya zamani: QGIS za kabla ya toleo la 3, lililotoka mwaka 2018, zilihesabu uangavu, za baada ya hapo huhesabu uzito. Kitini kikisema weka 60, kwenye programu mpya weka 40. Ukifuata namba ilivyo, buluu itakuwa nzito kuliko ulivyokusudia, na utatafuta hitilafu ambayo haipo.

NAMBA YA NNE IKIPOTEA

Karibu makosa yote ya namna hii hutokea pale ambapo namba ya nne imepotea njiani, au pale ambapo hesabu imepewa kifaa kisichoiweza.

Namba hiyo ikipotea, buluu yako inabaki 0, 0, 255, nzito, na mabomba yamefunikwa. Doa jeusi lina sababu tofauti kidogo. Picha ndogo, kwa mfano alama ya bomba au nembo, huwa na pembe ambazo hazina rangi yoyote. Namba ya nne hapo ni 0, maana yake usichore kitu. Lakini zile namba tatu za kwanza lazima ziandikwe kitu, na programu nyingi huandika 0, 0, 0. Namba ya nne ikiondolewa, zinabaki sifuri tatu, nazo ni nyeusi. Ndiyo maana nembo iliyokuwa duara safi hutokea ndani ya mraba mweusi. Hakuna virusi hapo, wala printa haijafa.

Mahali pa kawaida pa kuipoteza ni faili ya JPEG. Faili ya aina hiyo haina nafasi ya namba ya nne hata kidogo, kwa kuwa ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera. Ukihifadhi picha angavu kama JPEG, programu moja itajaza nyeupe na nyingine itajaza nyeusi, na kuifungua tena hakurudishi kilichotupwa. PNG, iliyotolewa mwaka 1996, huihifadhi namba hiyo yote. GIF iko katikati: nukta ama ipo ama haipo, hakuna hafifu.

Mahali pengine ni kunakili na kubandika kutoka programu moja kwenda nyingine. Picha hupita katika hifadhi ya muda ya kompyuta, na mara nyingi hupita bila namba ya nne. Hifadhi kwanza kama PNG, kisha nenda kwenye programu ya pili na uiingize faili hiyo kwa amri ya kuingiza picha. Ni njia ndefu kidogo lakini hufika salama.

Kuna pia jambo linalofanana na kosa, kumbe si kosa. Maeneo mawili ya buluu yenye uzito wa asilimia 50 yakilaliana, pale yanapokutana uzito huwa asilimia 75, na msomaji huona kipande kilichokolea kana kwamba kina hatari zaidi. Katika QGIS, ukiweka uangavu kwenye tabaka zima badala ya kuuweka kwenye rangi ya kila umbo, maumbo huunganishwa kwanza ndipo hufanywa kuwa angavu, na kipande hicho huondoka.

PIGA PICHA YA SKRINI KABLA YA KUGUSA KITU

Watu wengi wakiona doa huanza kubonyeza kila kitu. Wengine hufuta programu na kuiweka upya, na siku nzima ya umeme wa sola huisha. Tafuta kwanza kosa liko hatua gani. Kazi yako hupita hatua nne: faili, skrini, printa, na mwisho mashine ya fotokopi. Kila hatua ina magonjwa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Kama doa liko kwenye skrini, bonyeza kitufe cha kupiga picha ya skrini, hifadhi picha hiyo, ichukue kwenye fleshi na uifungue katika kompyuta nyingine. Doa likionekana huko pia, kosa limetokea ndani ya kompyuta, wakati programu na kadi ya picha zilipokuwa zikichanganya matabaka. Lisipoonekana huko, picha ilikuwa nzima na imeharibikia baadaye, kwenye waya au kwenye kioo chenyewe. Basi kaza waya, au jaribu skrini nyingine. Jaribio hili huchukua dakika tano na halina gharama.

Kama kosa liko ndani ya kompyuta, punguza dirisha la programu mpaka lipotee chini, kisha lirudishe. Mabaki ya rangi yaliyokuwa yakifuata kipanya yakitoweka, faili yako ni salama. Kilichotokea ni kwamba kompyuta huchora upya sehemu zilizobadilika tu ili kuokoa nguvu, na imesahau kuchora upya kilichokuwa chini ya tabaka lililosogezwa. Inakera, lakini kwenye karatasi haitatokea. Endelea na kazi.

Mabaki yasipotoweka, shuku kadi ya picha na draiva yake, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi hiyo. Hesabu ya matabaka siku hizi hupewa kadi ya picha ili iende upesi. Kompyuta zinazofika kambini mara nyingi zimeshatumika kwingine miaka kadhaa, na draiva zake ni za zamani kuliko programu mnazoziweka. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza pamoja vitufe vinne: cha Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa mara moja, maana draiva imeanzishwa upya. Kazi yako haipotei, ila ihifadhi kwanza.

Kosa likirudi, iambie programu isitumie kadi ya picha kabisa. LibreOffice ina mahali pa kufanya hivyo katika mipangilio yake, sehemu ya mwonekano: ondoa alama kwenye kisanduku cha kuharakisha kwa kutumia kadi. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020, programu hiyo inaweza kuchora kwa mtambo uitwao Skia, na hapo hapo kuna kisanduku cha kulazimisha Skia ifanye hesabu kwa prosesa peke yake. Funga programu na uifungue tena. Itakuwa nzito kidogo, lakini rangi zikikaa sawa umeshamjua mkosaji, na huna haja ya kuhangaika na faili. Draiva mpya itatafutwa siku intaneti itakapokuwa nzuri.

Ukiona vidoa vya rangi au mistari hata kabla Windows haijafunguka, hilo si la programu. Ni kadi yenyewe, na mara nyingi ni joto. Vumbi letu jekundu huziba feni. Zima kompyuta, chomoa umeme, safisha kwa brashi laini, na usiiweke juu ya blanketi.

SKRINI NI NZURI, KARATASI NI MBAYA

Hapa ndipo penye shida kubwa, na hapa ndipo tungependa usome taratibu.

Printa nyingi haziwezi kupokea tabaka angavu lilivyo. PostScript, lugha ya kuelekeza printa iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, huchora kila kitu kizito, kimoja juu ya kingine, wala haijui kuchanganya. Hivyo kabla ya kutuma, kompyuta hulazimika kuyabana matabaka yote kuwa picha moja. Ikifanya vizuri, hutajua kama jambo hilo limepita. Ikifanya vibaya, utapata buluu nzito, au mraba mweupe unaolizunguka eneo la mafuriko, au karatasi inayotoka nusu kwa sababu picha ilikuwa kubwa kuliko kumbukumbu ya printa.

Katika LibreOffice kuna mpangilio unaowasumbua wengi bila wao kujua. Kwenye mipangilio ya kuchapa kuna kisanduku cha kupunguza uangavu, na chini yake uamuzi wa kutochapa uangavu wowote. Mtu akikiwasha ili kuharakisha barua za kawaida na kukisahau, kila ramani itakayofuata itatoka nzito, ingawa kwenye skrini ni nzuri kabisa. Kompyuta inayotumiwa na watu kumi huwa na mambo kama haya. Kiangalie kisanduku hicho kwanza.

PDF nayo ina mitego yake. PDF ilianza kujua uangavu katika toleo la 1.4 la mwaka 2001. Lakini ile aina ya kuhifadhia kumbukumbu iitwayo PDF/A-1, ya mwaka 2005, inaukataza. PDF/A-2 ya mwaka 2011 inauruhusu. Ofisi nyingi huagiza PDF/A kwa ajili ya kabati la kumbukumbu, na mchoraji hutumia faili ile ile kuchapa za ukutani. LibreOffice hutoa onyo kwamba kitu angavu kimechorwa kikiwa kizito, lakini onyo hilo hufungwa upesi kuliko kusomwa. Toa faili mbili: moja ya kabati, moja ya kuchapa.

Katika QGIS, kwenye mpangilio wa ukurasa wa kuchapa, kuna kisanduku cha kuagiza ukurasa wote utolewe kama picha moja. Kiwashe. Faili itakuwa kubwa, na herufi hazitakuwa kali kama wembe, lakini kuchanganya kutafanywa na QGIS yenyewe wala hakutaachiwa printa. Karibu yake kuna kisanduku kingine cha kulazimisha kila kitu kibaki mistari. Hicho kiache kimezimwa ikiwa una tabaka angavu, maana kikiwashwa ramani inayotoka inaweza kutofautiana na uliyoiona. Kama printa inasitasita, punguza nukta kutoka 300 hadi 200 kwa inchi. Ukutani hakuna atakayeona tofauti.

DOA LISILOONEKANA

Doa jeusi lina heri, kwa sababu kila mtu analiona na ramani hurudishwa. La kuogopa ni tabaka linalopotea kimya. Ramani hutoka safi, nyeupe, yenye njia na nyumba na mabomba, na hakuna kinachosema kwamba kulikuwa na buluu. Mjumbe huibandika. Familia zilizo bondeni huona wako mahali pa salama.

Mara nyingi tabaka halipotei kwenye kompyuta bali kwenye fotokopi. Printa ya rangi huwa moja, na wino wake ni ghali, kwa hiyo nakala moja ya rangi hupelekwa kwenye mashine na kutolewa nakala 50 nyeusi na nyeupe. Mashine nyingi za fotokopi, hasa za zamani, haziioni vizuri buluu hafifu. Wachapaji wa magazeti waliijua sana tabia hiyo: waliandika maelekezo yao kwa penseli ya buluu hafifu juu ya kurasa, kwa kuwa kamera ya kiwandani haikuishika. Kilichowafaa wao kinatuangamiza sisi. Buluu ya 153, 153, 255, ambayo tuliipata kwa hesabu nzuri hapo juu, ndiyo hasa rangi ya kupotea.

Kwa ramani ya hatari itakayopigwa fotokopi, ushauri wetu ni kuachana na uangavu. Tumia mistari ya mshazari. Katika QGIS badilisha ujazo wa eneo kutoka rangi tupu kwenda mistari. Weka mistari myeusi, myembamba, yenye nafasi ya milimita 3 au 4 kati yake, na mpaka mnene kuzunguka eneo lote. Mabomba yataonekana katikati ya mistari. Hakuna namba ya nne ya kupotea, hakuna cha kubanwa, kadi ya picha haihusiki, na fotokopi ya tatu itasomeka kama ya kwanza. Si nzuri kwa macho kama buluu, tunakubali. Wafadhili wakitaka ya buluu kwa ajili ya ripoti, watengenezee yao.

Andika pia neno MAFURIKO ndani ya eneo lenyewe, kwa herufi kubwa, usiliache kwenye kisanduku cha maelezo ya alama peke yake. Tabaka likipotea, neno linabaki, na mtu atauliza neno hilo linazungushwa na nini. Liweke kwenye tabaka lake lenyewe, si lile la eneo, ili yasipotee pamoja.

Kabla ya kutoa nakala nyingi, toa moja tu. Ipige fotokopi, kisha upige fotokopi ya hiyo fotokopi, kwa sababu ndiyo itakayofika mwisho wa kambi. Mpe mtu ambaye hakuichora, ikiwezekana asiyejua kompyuta kabisa, umwombe akuonyeshe kwa kidole bomba lililo karibu na nyumba yake na mpaka wa eneo la hatari. Usimsaidie. Akisita kwenye mpaka, mistari ni myembamba mno. Akikuonyesha bomba lililo ndani ya eneo na kusema ni salama, rudi kwenye kompyuta.

Mnaoleta kazi iliyoharibika ili mpate msaada, leteni faili ya mradi wenyewe, picha ya skrini, na karatasi mbovu ilivyotoka, hata kama imekunjwa. Andikeni nyuma ya karatasi jina la printa na la kompyuta iliyotumika. Karatasi mbovu msiitupe kwenye jalala wala kuwapa watoto wachoree kabla haijaangaliwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kosa liko hatua gani.